Kazima PlayStation yangu kwa kidole cha mguu!

Wakuu, mikono bado inatetemeka, mnivumilie nikikosea herufi.

Mnamjua. Yule yule, anayeingia kwa watu saa ya msosi na kutoka na chaja isiyo yake. Leo kanikuta nacheza Pepsiman, ile ya PS 1 ya mwaka 1999 iliyouzwa Japani tu. CD nimeisubiri mpaka nimeota mvi. PS yenyewe haisomi mpaka uisimamishe kwa ubavu. Nimeruka magari, nimeteleza chini ya vizuizi, nimevaa pipa kichwani kushoto kukawa kulia, nimefika mwisho: kopo la Pepsi kubwa kama nyumba linabingirika nyuma yangu. Hapo hata kupepesa jicho ni dhambi.

Akanyoosha mguu. MGUU, wakuu! Kidole gumba kwenye swichi. Kioo giza.

"Mtu mzima unacheza tangazo la soda. Weka mpira."

Tangazo la soda! Ndiyo, Pepsiman katokea kwenye matangazo ya Pepsi huko Japani, nani kabisha? KID, waliotengeneza hilo gemu, walikuwa na hela ya kuungaunga, katikati wakajaza video za Mmarekani anakunywa Pepsi na kutafuna krispi, na gemu likanoga vilevile! Kukimbia bila kusimama, kuruka, kuteleza: Temple Run ya kwenye simu, staili ile ile, imekuja 2011. Yeye kutwa anacheza nini kwenye simu?

Na ni kidole cha mguu, hata kucha hakijakatwa!

— Pole mkuu. Ila kopo lilishakukuta, sema kweli.

— HALIJANIKUTA! Lilikuwa mbali!

— Uzi bila picha ya kidole?

— Pepsiman yumo pia kwenye Fighting Vipers ya Sega Saturn, toleo la Japani, 1996. Humo anapiga watu. Mkaribishe mgeni wako.

— Afadhali wako kazima tu. Wangu kaazima pedi tangu mwaka wa Corona, juzi nimemkuta mwanawe anaiburuza kwa waya kama gari.

— Pedi si kitu. Mimi CD ya Tekken 3 imepakwa dawa ya meno kuondoa mikwaruzo. Kaipaka upande wa picha!

— Dawa ya meno inasaidia, ila iwe nyeupe, si ya jeli.

— Wakuu, tunazungumzia kidole.

— Dawa ya meno uongo. Ganda la ndizi.

— Ndizi ipi, mbivu au mbichi?