Ushauri: Fundi kasema kompyuta zote za steshenari yangu ni za kutupa kwa sababu ya Windows 10. Ninunue mpya?

NyegeziKopi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari Nyegezi, njia ya kuelekea SAUT. Wateja wangu wengi ni wanachuo: kuchapa ripoti, kutoa kopi, kuskani vyeti, picha za pasipoti. Msimu wa mikopo ukifika ni maombi ya HESLB na uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA kuanzia asubuhi mpaka nafunga. Pembeni natengeneza kadi za michango na za harusi kwenye Publisher.

Kompyuta ninazo nne, zote za mtumba: HP EliteBook 840 G3 mbili, ThinkPad T480 moja, na Dell OptiPlex ya mezani ambayo ndiyo kongwe. Zote zina Windows 10. Umekuwa ukija ujumbe kwenye kioo kwamba Windows 10 imefika mwisho, nikamwita fundi. Akaziangalia juujuu, akasema zote nne ni za kutupa, mfumo utakuja kuzizima wenyewe, na yeye anaweza kuniletea nne mpya "zenye AI" nilipe kidogo kidogo. Bei aliyonitajia inazidi kodi ya fremu ya mwaka mzima.

Mtaji wangu wote umekaa kwenye vyombo hivi. Je, ni kweli zitazimika? Na kama ni lazima ninunue, ninunue nini?

Mwaloni_Data

Usitoe hela dada. Mimi niko Mwaloni Kirumba, tunaandikisha mizigo ya dagaa kwenye Excel. Nina 840 G3 kama hizo zako, nimeiwekea Windows 11 kwa kutumia Rufus, ile programu inayoruka ukaguzi wa prosesa na wa TPM, kile kijenzi cha usalama ambacho Windows 11 inakidai. Inapiga kazi mpaka leo. Tafuta flashi ya GB 8, kijana yeyote mwenye uelewa atakufanyia.

KiooKipya

Dada NyegeziKopi, pole sana. Naomba niandike kirefu kidogo maana jambo hili nalifuatilia kwa karibu. Mimi ni mtu wa vitu vipya. Toleo la majaribio likitoka naliweka siku hiyohiyo, na kifaa kipya kikiingia mjini nitakwenda kukishika hata kama sinunui. Kwa hiyo nikikwambia usinunue, jua simsemi mtu kwa kuwa nachukia vitu vipya.

Tuanze na hilo la kuzimika, maana ndilo lililokutisha. Si kweli. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa masasisho ya bure ya Windows 10. Kompyuta inaendelea kuwaka na kufanya kazi. Kilichoisha ni viraka vya usalama: tundu likigundulika kwenye mfumo, halizibwi tena. Kwa biashara kama yako hilo si dogo. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili ya watu katika nchi nyingi kwa kupitia tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshalitolea kiraka Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa na kiraka. Sasa wewe una mashine inayochomekwa flashi za watu mchana kutwa, na ndani yake kuna skani za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya nusu ya Nyegezi. Kwa hiyo hatua lazima uchukue. Ila hatua yenyewe si kununua nne mpya.

Hizo "zenye AI" nadhani anamaanisha zile ambazo Microsoft wanaziita Copilot+ PC, zilizoanza kuuzwa Juni 2024. Sharti lake ni RAM isiyopungua GB 16 na kijenzi maalumu cha AI chenye uwezo wa kufanya hesabu trilioni 40 kwa sekunde. Ni mashine nzuri mno, nasema kwa dhati. Zenye prosesa za Snapdragon betri yake inatembea sana, na kwa umeme wetu huu hilo ni jambo la kutamanisha. Lakini zina mawili ya kuangalia kwako. La kwanza, Snapdragon ni za ARM, aina ya prosesa tofauti na hizi za Intel, na printa au mashine ya kopi ya zamani inaweza kukosa draiva yake kabisa. Utakuwa na laptopu ya kisasa isiyoweza kutoa hata kopi moja. La pili ni kitu kinachoitwa Recall: kinapiga picha za kioo kila baada ya muda mfupi ili baadaye uweze kutafuta ulichokuwa ukifanya. Hakiwaki mpaka ukiruhusu, nami kwenye mashine ambayo wageni wanaandikia nywila zao nisingekiruhusu kamwe.

Kazi ya kuskani cheti na kukipandisha RITA haina haja na trilioni 40 za chochote.

Sasa nisaidie kitu. Kwenye kila kompyuta bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha Enter. Soma mstari wa prosesa, utuandikie hapa jina lote pamoja na namba. Nina sababu.

NyegeziKopi

Asante sana kaka, angalau moyo umetulia. Nimeziangalia zote:

EliteBook zote mbili: i5-6300U, RAM GB 8.
ThinkPad: i5-8250U, RAM GB 8.
Dell: i5-4590, RAM GB 4.

Za HP zinachukua muda mrefu sana kuwaka. Nikiwasha natengeneza chai kabisa.

KiooKipya

Hapo sasa. Angalia tarakimu inayofuata baada ya kile kistari. 6300 ni kizazi cha sita, 8250 ni cha nane, 4590 ni cha nne. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inapokea rasmi kuanzia kizazi cha nane. Yaani ThinkPad yako inaruhusiwa kwenda Windows 11 bure, kihalali, bila kuruka ukaguzi wowote! Huyo fundi amekuhesabia kwenye takataka mashine ambayo ni nzima kabisa. Bonyeza tena kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc. Ikikuandikia toleo 2.0, umemaliza. Ikisema TPM haionekani, mara nyingi imezimwa tu kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), inawashwa. Hamishia humo Photoshop na Word, iwe mashine yako ya kazi nzito.

HP zile mbili: kwanza hakikisha Windows yake ni halali. Andika slmgr /xpr kwenye dirisha lilelile. EliteBook za mtumba mara nyingi zina leseni ya kiwandani iliyokaa kwenye bodi, ila mafundi wengine huiacha na kuweka Windows ya kukraki bila sababu. Ikiwa halali na ni toleo la 22H2, ingia kwenye ukurasa wa masasisho ujiandikishe kwenye mpango wa viraka vya ziada. Unakupeleka mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao, hulipi kitu. Usipotaka hivyo ni dola 30, na akaunti moja inabeba mpaka mashine kumi.

Kuhusu kuwaka taratibu, ninahisi zina diski za kuzunguka. Weka SSD za SATA, yaani diski za kisasa zisizozunguka, hata za GB 256. Hakuna sasisho wala kifaa kilichotoka miaka hii kitakachokupa tofauti utakayoiona kwa macho kama hiyo, na bei ya SSD haifanani hata kidogo na ya laptopu mpya.

Mwaloni_Data, ndugu yangu, njia yako inafanya kazi, sikatai. Ila Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyotimiza vigezo haina uhakika wa kupokea masasisho. Na lile toleo kubwa la kila mwaka haliji lenyewe, unaliweka kwa mkono. Wewe una mashine moja na unaijua. Dada hapa ana foleni ya wanachuo.

Mwaloni_Data

Hilo la toleo la mwaka ni kweli, 25H2 ilibidi niiweke mwenyewe. Sawa, kwa steshenari nakubali.

Mwl_Nansio

Nawasalimu kutoka Ukerewe. Mayu, hiyo Dell usiitupe. Shuleni kwetu tuna za kizazi hichohicho na tumeziwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi. Mint 22 ina masasisho mpaka 2029, bure, hakuna leseni ya kutafuta.

Sababu yangu kubwa ni flashi. Wewe mwenyewe unaijua ile hali: mwanafunzi anachomeka flashi, mafolda yote yamegeuka njia za mkato, akibofya moja tayari kaisambaza kwenye mashine yako, na ripoti yake haioni. Kwenye Mint ile faili ya kirusi ni faili tu iliyokaa, haijui pa kushika. Na mafolda halisi ambayo kwenye Windows yalikuwa yamefichwa, Mint inayaonyesha wazi kabisa. Unamkopia mtoto kazi yake kwenye folda safi, unaifomati flashi, unamrudishia. Iweke Dell mbele pale kaunta, kila flashi ipite hapo kwanza ndipo iende kwenye mashine nyingine. Utaona utulivu utakaoupata.

Angalizo moja: ripoti ya utafiti iliyoandikwa kwenye Word usiichapie kwenye LibreOffice, ile programu ya ofisi ya bure ya kwenye Mint, bila kuikagua. Kurasa zinahama, jedwali linakatika, yaliyomo yanasema ukurasa wa 34 na sura yenyewe ipo wa 36. Mwambie mwanafunzi alete PDF, au iendee ThinkPad.

NyegeziKopi

Mwalimu, hilo la flashi kuwa njia za mkato linanitesa kila siku! Nilikuwa nawafukuza wengine kwa kuogopa.

Maswali mawili ya mwisho. Mashine yangu kubwa ya kopi ni Canon imageRUNNER, je Mint itaiona? Na Publisher, nikihama kabisa kadi zangu za harusi nitazifungua wapi?

KiooKipya

Ushauri wa mwalimu kuhusu Dell ni bora kuliko wa kwangu, nilikuwa nataka kukwambia uiuze.

Canon wanatoa draiva zao za Linux kwa imageRUNNER nyingi, zinaitwa UFR II, ila inategemea modeli. Hakuna haja ya kubahatisha. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Iwashe hivyo, unganisha mashine, toa ukurasa mmoja, jaribu na skana. Ikikataa, zima, Windows yako iko palepale.

Publisher ndiyo naomba uitilie mkazo, maana fundi wako hakuitaja. Microsoft wametangaza kwamba inafikia mwisho Oktoba 2026. Kwenye Microsoft 365 itaondolewa kabisa, na hizi za kusimikwa zitabaki bila huduma. Kwa hiyo hata ungenunua hizo nne mpya, kadi zako zingekusumbua vilevile. Anza sasa: fungua kila kadi unayoitumia mara kwa mara, ihifadhi kama PDF, na maandishi yake yakopi kwenye Word. LibreOffice Draw inafungua faili za Publisher, ila maua na fremu wakati mwingine vinasogea, utavipanga upya. Zile kadi chache zinazopendwa na wateja ningezichora upya moja kwa moja, taratibu, siku zisizo na watu.

Na jambo ambalo halikugharimu hata senti: wateja wanapoingia kwenye barua pepe au akaunti za HESLB, wafungulie Chrome kwa hali ya mgeni. Wakifunga madirisha yote ya mgeni, historia na akaunti walizoingia vinafutika, ila faili walizopakua zinabaki, hizo uzifute mwenyewe.

NyegeziKopi

Wabeja sana, nyote. Nimempigia fundi nikamwambia asilete kitu. ThinkPad imesema TPM 2.0, tayari inapakua Windows 11. SSD mbili nitaziulizia mjini kesho nikienda kuchukua karatasi.

Mwl_Nansio

Kabla hujafungua hizo HP, hamisha kwanza mafaili ya wateja kwenye diski ya nje na ujaribu kuyafungua kutoka huko. Na diski za zamani ukishazitoa usiziuze wala kumpa fundi, zina vyeti vya watu. Zifungie kabatini.