Insha za kushawishi: wameikariri kanuni, lakini hawamshawishi mtu

Swali

Walimu wenzangu, habari zenu. Nafundisha Kiingereza, darasa lina wanafunzi 43. Juzi niliwapa insha: simu ziruhusiwe shuleni au la? Karibu kila daftari limejaa "I think", pamoja na zile sababu tatu nilizoziandika ubaoni mwenyewe. Kuzungumza ndiyo kabisa. Mtoto anasimama, anainamia karatasi, anasoma mpaka mwisho. Zile njia tatu za kushawishi za Aristotle, ethos (kuaminika kwa msemaji), pathos (hisia) na logos (hoja), wanazitaja bila kukosea. Insha bado zimepoa. Inaniuma, maana nje ya darasa watoto hawa hawa wanabishana vizuri mno. Nianzie wapi?

Jibu la 1

Mwalimu, wanakuandikia wewe, na wanajua utasoma tu. Wape msomaji anayeweza kukataa: mzazi asiyetaka hata kusikia habari ya simu. Kabla ya kushika kalamu, wabishane wawili wawili dakika 4, kisha wabadilishane pande. Hapo kwenye kubadilishana ndipo penye kazi. Nilikuwa na binti mmoja mkimya. Alipotetea upande asioupenda aliona tundu kwenye hoja yake mwenyewe. Insha yake iliyofuata ilianza: "Parents are right to worry, but..." Alimpa mpinzani haki yake kwanza, na mimi msomaji nikalainika.

Hayo maneno ya Kigiriki yaweke kando. Uliza: kwa nini nikuamini? Kwa nini nijali? Ushahidi uko wapi?

Jibu la 2

Naongezea upande wa kuzungumza. Ondoa karatasi, wabaki na kadi yenye maneno matano. Wasikilizishe hotuba ya Martin Luther King ya tarehe 28 Agosti 1963, wagonge meza kila wanaposikia "I have a dream". Wakishaupata mdundo, waambie kwamba alipofika hapo alikuwa ameliacha andiko alilokuja nalo.

Ila Kigiriki sikiachi. Nakifundisha mwishoni, wakiwa wameshakiona kitu chenyewe.

Muuliza swali

Asanteni sana. Leo nimewabadilisha pande. Kelele zilikuwa nyingi, lakini za Kiingereza! Kijana mmoja akanifuata: "Mwalimu, nikitaka kumkubalia kidogo halafu nimpinge, natumia neno gani?" Nikamwandikia "although". Miaka yote nimelifundisha kwenye mazoezi ya sarufi. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniomba.