Nundu ya kidole gumba cha mguu: chevroni, skafu au Lapidus?

Peku
Wakuu, nundu imenishinda. Kila kiatu kinatanuka upande uleule. Eksirei inasema pembe kati ya metatasali (mifupa mirefu inayobeba vidole vya mguu) ya kwanza na ya pili ni digrii 14, na kidole kimelala digrii 30. Daktari kanitajia upasuaji wa aina mbili, chevroni na skafu, akasema nikafikirie. Nani kapitia?

Fundi_Mbao
Mimi nilifanyiwa skafu. Siyo ya shingoni! Jina limetoka kwetu maseremala, ule muungo wa mbao mbili zilizokatwa mshazari zikalaliana. Mfupa unakatwa Z kwa urefu wake, kipande chenye kichwa kinasukumwa kuelekea kidole cha pili, kisha skrubu mbili. Nilikanyagia kisigino tangu mwanzo, kiatu kigumu wiki 6. Ila uvimbe jamani! Huu ni mwezi wa tano tangu upasuaji, ikifika jioni soksi bado inaacha alama.

Dada_Fizio
Chevroni ni V iliyolala, karibu na kichwa cha mfupa. Mkato mfupi, unajishika vizuri, unafaa nundu ndogo hadi ya wastani. Skafu inasogeza zaidi, lakini ina mtego: mfupa ukiwa laini, kipande kimoja kinadidimia ndani ya kingine. Una miaka mingapi, Peku?

Peku
41, na sivuti sigara. Kwani hawawezi kuchonga hiyo nundu tu yaishe?

Dada_Fizio
Itarudi. Kinachotokeza pale kwa sehemu kubwa ni kichwa cha metatasali iliyohama njia. Ukichonga bila kuirudisha, kidole kinaendelea kulala.

Mama_Pacha
Mimi kiungo cha nyuma, pale metatasali inapoanzia, kilikuwa kinacheza, kwa hiyo nilifanyiwa Lapidus: wanakifunga kabisa, mifupa yake iungane. Nilikatazwa kukanyaga wiki 6. Kuoga nimekaa kwenye stuli, mguu nje ya beseni umevishwa mfuko wa plastiki, magongo yanateleza ukutani. Lakini kidole kimenyooka.

Fundi_Mbao
Uliza na Akin. Wanatoa kabari ndogo kwenye mfupa wa kidole chenyewe. Mimi niliongezewa siku ileile.

Dada_Fizio
Peku, hiyo eksirei ulipigwa umesimama?

Peku
Hapana, nilikuwa nimelala kitandani.

Dada_Fizio
Basi digrii 14 usizihesabu bado. Mguu ukibeba uzito mifupa hutanuka, pembe ikaongezeka. Rudi upigwe umesimama, ndipo tubishane V na Z.