MJADALA: Kufunga Ziwa Tanganyika miezi mitatu, ni hasara au ni mtaji?

Wakuu, kila ukitajwa uvuvi wa Kigoma kuna hoja inarudi: eti kufunga ziwa ni kumuua mvuvi kwa njaa ili watu wa mazingira wafurahi. Kwa wasiofuatilia, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, yaani uvuvi ulisimamishwa, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka (Tanzania, Burundi, DRC na Zambia), ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Mimi nauza dagaa na migebuka. Miezi ile ilinibana kweli, na bado nasema lifungwe.

Mvuvi wa dagaa hakuanza juzi kupumzisha ziwa. Dagaa anavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, kwa hiyo vyombo vinapandishwa ufukweni na watu wanakaa kushona nyavu. Hakuna anayelia, kwa sababu kila mwenye chombo ameshaziweka siku hizo kwenye hesabu zake. Kama tunaweza kupanga mwezi, mwaka unatushinda nini? Dagaa maisha yake ni mafupi na anazaliana haraka, na migebuka anamla dagaa. Ukimkokota dagaa mchanga kwa kokoro (wavu mrefu unaovutwa hadi ufukweni) pembeni mwa ziwa, umeharibu biashara mbili kwa mkupuo mmoja.

Lakini hapa ndipo ninapogombana na wafanyabiashara wenzangu. Tunalalamika samaki wamepungua, huku tulionao tunawaharibu wenyewe. Chukua konzi ya dagaa walioanikwa mchangani, wapepete juu ya sinia. Mchanga unaobaki pale chini mnunuzi ameulipia kama dagaa, na akishautafuna mara moja harudi kwako. Mvua ikinyesha wakati wameanikwa chini, mzigo unaoza. Chanja ya miti na wavu inawainua, upepo unapita juu na chini, wanakauka haraka na wanatoka wasafi. Mteja anawatambua kwa macho kabla hajauliza bei. Yaani unaweza kuongeza kipato bila kuongeza hata kilo moja ya samaki kutoka ziwani. Sijui mazingira na faida vinagombania wapi hapo.

Sasa hoja ngumu, na wanaopinga wana haki kuisema. Ziwa likifungwa, mwenye chombo anaweza kuwa na akiba au duka. Kijana anayelipwa kwa mgawo wa usiku hana. Mama anayeanika kwa ujira naye hana, na watoto wake hawali ahadi ya Agosti. Wanaambiwa wafuge samaki kwenye vizimba. Kizimba kinataka mtaji, chakula cha samaki na miezi ya kusubiri. Ziwa likifunguliwa na samaki wakiwa wengi, wa kwanza kufaidi ni sisi wenye fedha ya kununua mzigo mkubwa. Kwangu mimi hilo ni deni. Sisi wanunuzi na wenye vyombo tuchangie kidogo kwa kila mzigo mwaka mzima, mfuko ukae chini ya vikundi vya mwaloni (pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa), uwalipe hawa ziwa likifungwa.

Na tusidanganyane kwamba kufunga kunatibu kila kitu. Maji ya juu ya Tanganyika yamekuwa yakipata joto kwa miongo mingi, na joto hilo linapunguza kuchanganyika kwake na maji ya chini yenye rutuba inayolisha vijidudu ambavyo dagaa anakula. Hilo hatulitibu kwa miezi mitatu. Ndiyo maana naona ni hatari zaidi kuendelea kuvua kana kwamba ziwa ni lile la babu zetu.

Wanaopinga kabisa, nijibuni hili: msipotaka lifungwe, kokoro na nyavu za macho madogo mtazizuiaje usiku, na nani atalipa doria? Na wa Kalemie (DRC), Rumonge (Burundi) na Mpulungu (Zambia), huko kwenu miezi ile ilikwendaje?