Mwamba ufungwe miezi mitatu, au ufungwe moja kwa moja?

Ndugu zangu wa pwani, nauleta mjadala huu nikiwa na msimamo tayari, na naomba nipingwe kwa hoja.

Siku hizi ukitaja hifadhi ya matumbawe, mfano wa kwanza unaopewa ni kufunga miamba ya pweza. Kijiji kinakubaliana, kinafunga sehemu ya mwamba, mtu asivue pale, kwa miezi mitatu hivi, kisha kinafungua. Utaratibu huu ulivuma kutoka Andavadoaka, Madagaska, ulikojaribiwa mwaka 2004, na sasa unafuatwa Kisiwa Panza kule Pemba, Songosongo na Mafia. Wanaoutetea wana haki ya kuutetea. Pweza hukua upesi mno, na umri wake wote ni mwaka mmoja au zaidi kidogo, kwa hiyo ukimwacha miezi michache unamkuta mzito kweli. Fedha ya siku ya kufungua inaonekana mkononi, ndiyo maana watu wanakubali kufunga tena.

Sina ugomvi na hilo. Ninachokataa ni kuliita hifadhi ya matumbawe.

Itazameni siku yenyewe ya kufungua. Bamvua limetoa maji, mwamba uko wazi, na kijiji kizima kipo juu yake pamoja na waliokuja kutoka vijiji jirani. Wanunuzi wanasubiri ufukweni na mizani. Kila mtu anawahi kabla maji hayajajaa: matumbawe ya matawi yanavunjika chini ya miguu, nondo zinachokoa mashimo, na pweza akigoma kutoka, jiwe linapinduliwa pamoja na vyote vilivyoota juu yake. Tumbawe la matawi likistawi huongezeka kama sentimita 10 kwa mwaka. Lile gumu la mviringo huongezeka kama sentimita 1 tu. Sasa miezi mitatu ya kufunga imelisaidia nini tumbawe ambalo asubuhi moja ya kufungua imelivunja?

Mwamba unahitaji kipande kisichoguswa kabisa, mwaka hadi mwaka. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, kilitangazwa hifadhi mwaka 1994. Uvuvi hakuna, na miongoni mwa walinzi wake wa mwanzo walikuwamo waliokuwa wavuvi wa maeneo hayo hayo. Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walitenga kama hekta 30 katikati ya miaka ya 2000 baada ya kuona samaki wanakwisha. Na pale Mombasa utafiti ulionyesha kuwa madema yaliyotegwa karibu na mpaka wa hifadhi yalikuwa yakipata samaki zaidi kuliko yaliyotegwa mbali. Samaki hawaujui mpaka. Wakizidi ndani, wanatoka nje.

Kuna wanaouliza: tufunge kwa faida gani, ikiwa joto linaua hata kilichofungwa? Ni swali zito. Ndani ya tumbawe huishi viumbe vidogo sana vya jamii ya mwani, ndivyo vinavyolilisha na kulipa rangi. Bahari ikizidi kawaida ya msimu wa joto hata kwa nyuzi 1 tu, kwa wiki kadhaa, tumbawe huvitoa, huwa jeupe, na hali ikidumu hufa. Tuliyaona hayo mwaka 1998, tukayaona tena 2016, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kuwa dunia nzima imo ndani yake kwa mara ya nne. Chumbe pia iliumia 2016. Hakuna boya la mpaka linalozuia joto. Lakini joto likipita, kitu cha kwanza kuota juu ya tumbawe lililokufa ni mwani, na samaki anayeula ni pono na wenzake. Pale pono walipokwisha kwa juya (wavu wa kukokota) na kigumi (kupigapiga mwamba ili samaki wakimbilie wavuni), machipukizi ya tumbawe yanakosa hata pa kushika. Kwa hiyo kufunga hakuzuii ugonjwa, kunaupa mwamba nafasi ya kupona.

Hoja inayoniumiza zaidi ni ya wale wanaosema hifadhi ya kudumu ni ya mtalii. Wameona mvuvi akifukuzwa na mashua ya wageni ikitia nanga juu ya matumbawe yale yale. Na anayeumia kwanza ni mwanamke anayechokoa pweza kwa miguu, kwa sababu hana chombo cha kumpeleka mwamba mwingine. Ukimfungia mwamba ulio mbele ya kijiji, umemfungia jiko.

Ndiyo maana nasema kipande cha kudumu kiwe kidogo, kiwe kwenye maji yasiyofikiwa kwa miguu, na kichaguliwe na wavuvi wenyewe kupitia BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) au, kule Zanzibar, kamati ya shehia. Ada ya wageni isomwe hadharani mkutanoni, shilingi kwa shilingi. Sheria ya hifadhi za bahari ya Tanzania Bara ipo tangu mwaka 1994. Muda wa kulidai hili umeshatosha. Miamba ya miguuni iendelee na zamu za pweza, ila idadi ya watu wa siku ya kufungua ipunguzwe.

Mlioko Songosongo, Jibondo, Kisiwa Panza na Vipingo, semeni: kijiji chenu kingekubali kutoa kipande gani moja kwa moja, na kwa sharti lipi?