Mrejesho: Lamu na mama mwenye magoti mabovu, gari tuliliacha Mokowe

Wadau, asanteni sana. Niliuliza gari nitaliacha wapi nikimpeleka mama Lamu, na kwa magoti yake atafikaje nyumba ya wageni katika mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari. Tumerudi salama.

Nilifuata ushauri wa kuliacha Mokowe, huku bara. Tulililaza kwenye uwanja wenye mlinzi karibu na gati, tukapatana bei ya siku zote kabla sijazima injini, kisha tukavuka kwa boti. Aliyesema tuvuke maji yakiwa yamejaa, Mungu ambariki. Ngazi za chini za gati la Lamu zina utelezi wa mwani, na maji yakikupwa ndizo unazokanyaga. Sisi tulishukia karibu na juu, baharia akamshika mama mkono, hatua mbili tatu akafika.

Punda ilishindikana; nyonga zilimuuma, akashushwa papo hapo. Nyumba tuliyolipia iko ndani kabisa ya mtaa wa Mkomani, kwa hiyo tulihamia nyingine iliyotazama bahari na malipo ya awali hayakurudi. Mizigo ilikwenda kwa mkokoteni bila tabu. Hata hivyo naunga mkono magari yabaki bara: mji huu, Urithi wa Dunia tangu 2001, ulijengwa kwa kipimo cha miguu na punda.

Kurudi Mokowe, lori lilikuwa limetuzibia njia, tukamsubiri dereva wake hadi adhuhuri. Mkienda, mwambieni mlinzi siku na saa ya kutoka, na mchukue namba yake ya simu.