DVD-R, DVD+R au nihamie flashi? Diski zinagoma kwa wateja

kamera_moro: Habari wakuu. Napiga video za harusi na kipaimara. DVD nikichoma, kwangu inacheza safi, ila baadhi ya wateja kompyuta zao zinasema diski tupu. Wiki hii nanunua kopo jipya la diski za kuchoma. Nichukue DVD-R, DVD+R, au niwape flashi tu?

FundiDeki: Umeficha yote ya muhimu. Programu gani? Kasi ngapi? Kompyuta zinazogoma zina Windows ipi? Bila hayo tunapiga ramli.

kamera_moro: Windows 7 yenyewe, naburuta mafaili basi. Kasi sijagusa. Mmoja anayelalamika ana XP ya ofisini.

DadaSteshenari: DVD-R, usihangaike. Ilitangulia, deki za zamani zinaijua kuliko hiyo ya jumlisha.

FundiDeki: Dada, aina ya diski baadaye. Windows 7 inauliza: uitumie kama flashi, au kwa deki ya CD/DVD? Bila shaka anachagua ya kwanza. Hiyo isipofungwa vizuri wakati wa kuitoa, kompyuta nyingine inaiona tupu. Achague ya pili, achome kila kitu kwa mkupuo.

Plus_Daima: DVD+R ina faida: ukiwa na kichomeo kinachokubali, unaibadilisha utambulisho ijitaje DVD-ROM, yaani diski ya kiwandani, na deki kongwe zinasoma bila ubishi. DVD-R haiwezi hilo.

DadaSteshenari: Nani mtaani anafanya hayo?

Plus_Daima: Mimi. Programu ya ImgBurn ni bure.

mwanakwaya: Niwasimulie. Kwaya yetu ilipeleka albamu kwa mchomaji mmoja mjini, diski za bei chee, kasi 16x, juu kabandika stika za karatasi. Siku ya uzinduzi zilicheza, watu wakapiga vigelegele. Baada ya miezi simu zikaanza. Stika zimejikunja pembeni, diski ikizunguka inatetema, wimbo wa tatu unakwamakwama, kompyuta nyingine haziifungui kabisa. Mhasibu wetu akajaribu kubandua stika ya CD, ikatoka na utando wa fedha, ukiiinua unaona dirisha ng'ambo! Mchomaji akasema deki zetu chafu. Tukarudisha hela za waumini. Chomeni 4x au 8x, mwandike kwa kalamu laini.

FundiDeki: Kwa CD ni kweli, data iko chini tu ya lebo. DVD imebanwa katikati ya plastiki mbili.

mwanakwaya: Stika ni stika, kaka.

kijana_wa_flashi: Mwaka huu bado mnachoma? Laptopu mpya hazina hata mlango wa diski. Flashi.

DadaSteshenari: Flashi feki za vibarazani zinajiita 64 GB, ukijaza kidogo tu mafaili yanaharibika. Na virusi je?

FundiDeki: Tena flashi nyingi huja na fomati ya FAT32, faili la kuzidi GB 4 haliingii. Video ya harusi utaikata vipande.

kijana_wa_flashi: Fomati exFAT.

Plus_Daima: Halafu TV ya mteja ikatae. Kamera, huyo wa XP, mlango wa diski wa kompyuta yake una nembo ya DVD au ni ya CD pekee?

kamera_moro: Sijaangalia. Ngoja nimpigie.

mwanakwaya: Nje ya mada: nani ana kichomeo cha nje cha USB anauza?